Harusi Jumamosi, Tembo Jumatatu

Agosti mwaka jana nililipwa kushika mwavuli. Wanandoa wawili kutoka ng'ambo, mke na mume, wote wapiga picha, walikuwa wamekuja Kenya kwa wiki mbili. Jumamosi walipiga picha za harusi Naivasha, ya watu wa kwao waliotaka kuoana karibu na viboko. Jumatatu tukaelekea Maasai Mara kungoja nyumbu wavuke mto. Kazi yangu ilikuwa kubeba mabegi, kutafsiri, kushika riflekta kwenye harusi, na kule Mara kushika mwavuli ili jua lisichome lenzi ambayo bei yake ingelipa karo yangu yote ya chuo, ile ambayo sikumaliza kulipa. Nilipewa pia kamera ya pili. "Piga chochote unachoona," mume aliniambia. Nikapiga.

Siku ya tatu tulikuwa tumeegesha gari tangu saa kumi na mbili asubuhi. Nyumbu anakuja hadi ukingoni, anaangalia maji, anafikiria maisha yake, anarudi. Tunangoja tena. Katika ule uvivu mke akageuka akaniuliza kama nawajua Martin na Osa Johnson. Nikasema hapana. Alishangaa kweli. "Lakini waliishi hapa kwenu!" Mume akacheka, akasema wao wawili wangependa sana kuwa Martin na Osa, ila bila ile ajali ya ndege.

Usiku, mtandao uliporudi kambini, nikaanza kutafuta. Miezi minne baadaye bado nilikuwa natafuta, na mwenzangu alikuwa amechoka kusikia majina yao. (Mwenzangu ni yule tunayepiga naye harusi na tunayeishi naye Kasarani. Wazazi wake wanadhani anaishi na binamu yake, kwa hivyo hapa hatakuwa na jina.)

Nianzie kwa senti moja, kwa sababu ndiyo iliyonishika. Martin Johnson alizaliwa mwaka 1884 katika jimbo la Illinois, Marekani, akakulia Kansas, ambako baba yake alikuwa na duka la vito katika mji wa Independence. Dukani humo ziliuzwa pia kamera za Kodak. Kijana akaacha vito akachukua kamera. Kabla ya simba na tembo, kabla ya mtu yeyote kumjua, alikuwa akizunguka miji midogo ya Kansas akipiga watu picha za senti moja moja. Osa anasimulia katika kitabu chake, I Married Adventure, kwamba ndivyo walivyokutana mara ya kwanza. Martin alifika mjini kwao Chanute na vifaa vyake, na yeye, bado mtoto mdogo, akampeleka kaka yake mdogo kupigwa picha.

Yaani yule bwana wa simba alianza kama sisi. Picha ya uso, lipa, mwingine. Ukiwahi kusimama nje ya ukumbi wa mahafali na printa ndogo ukiita watu "picha hapa, picha hapa," unajua alikuwa anafanya nini.

Mwaka 1907 alipata nafasi katika mashua ya mwandishi Jack London, Snark, iliyotaka kuzunguka dunia. Alichukuliwa awe mpishi. Safari haikumaliza dunia, London aliugua, mashua ikaachwa, lakini Martin alirudi Kansas na picha za visiwa vya Pasifiki na akafungua ukumbi wa maonyesho mjini Independence akauita Snark. Hapo ndipo Osa Leighty anarudi kwenye hadithi. Walioana kimyakimya Mei 1910. Yeye alikuwa na miaka 16, Martin 25. Hakukuwa na kamati ya harusi wala mpiga picha, na baba yake Osa hakuwa ameambiwa kitu.

Pesa za safari zilitoka wapi? Hili ndilo swali ambalo filamu zao hazijibu na ambalo mimi, kama mtu wa kulipwa kwa siku, siwezi kuacha kuuliza. Kwa miaka kadhaa walizunguka kumbi za Marekani. Martin akionyesha picha zake za visiwani na kuzieleza, Osa akivaa kama msichana wa Hawaii na kuimba. Msichana wa Kansas! Hiyo ndiyo ilikuwa harusi yao ya kila Jumamosi, ile kazi unayofanya ili Jumatatu ufanye nyingine. Mwaka 1917 wakawa na nauli ya kwenda Malekula, katika visiwa ambavyo leo ni nchi ya Vanuatu. Huko chifu mmoja aliyeitwa Nihapat aliwashika, na wakaponea chupuchupu. Filamu iliyotoka mwaka 1918 iliuzwa kwa kuwaita watu wa Nihapat wala watu. Mwaka uliofuata walirudi kisiwani na kuwaonyesha watu hao filamu yenyewe kwenye turubai. Kati ya yote niliyosoma kuhusu wawili hawa, hilo ndilo ninalolifikiria zaidi. Watu wamekaa gizani wakijiona, na pengine mmoja wao ameshakufa lakini bado anatembea pale kwenye kitambaa.

Aliyewaleta huku ni Carl Akeley wa Jumba la Makumbusho la Historia ya Asili la Marekani, New York. Akeley alikuwa mtu wa kujaza ngozi za wanyama ili wakae kwenye vioo kama wazima, na pia alibuni kamera ya filamu iliyozunguka kwa wepesi kwenye tripodi, iliyofaa kufuata mnyama anayekimbia. Aliamini wanyama wa Afrika wanaisha na kwamba lazima wapigwe picha kabla hawajaisha. Johnson na mkewe wakakubali. Walifika Kenya mwaka 1921.

Hapa nilisimama kidogo, kwa sababu ya tarehe. Osa alizaliwa tarehe 14 Machi. Machi 14 mwaka 1922, siku aliyotimiza miaka 28 akiwa katika safari yake ya kwanza Afrika, serikali ya kikoloni ilimkamata Harry Thuku jijini Nairobi. Siku mbili baadaye watu walikusanyika nje ya kituo cha polisi kudai aachiliwe, Mary Muthoni Nyanjiru akiwa mbele, na risasi zikapigwa. Serikali ilihesabu maiti 21. Wengi hadi leo wanasema walikuwa zaidi sana. Moja ya mambo ambayo Thuku alikuwa akipinga ni kipande, kile cheti ambacho kila mwanamume Mwafrika wa kuanzia miaka 16 alitakiwa kukibeba, na ambacho watu walikivaa shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Filamu iliyotokana na safari ile ilitoka mwaka 1923. Inaitwa Trailing African Wild Animals, na jina lenyewe linakuambia kamera ilikuwa inaangalia wapi.

Sisemi walipaswa kuacha tembo wakimbilie Nairobi. Mpiga picha wa wanyama ni mpiga picha wa wanyama. Lakini wapagazi wao, wapishi wao, waliowashikia taa usiku, walikuwa wanaume wa kipande. Hao hawakuwa mbali na habari. Walikuwa wamesimama nyuma ya tripodi.

Mmoja wao ana jina. Johnson na mkewe wanamwandika Boculy, na ndiye aliyekuwa akiwasomea nyayo za tembo huko kaskazini. Osa anamwandika kwa upendo, kama mtu aliyejua tembo wamepita lini, wangapi, na wanaelekea wapi, kwa kuangalia jani lililovunjika. Ndiye aliyewafikisha kwenye ziwa lililokaa ndani ya kasoko la volkano iliyozima, katika msitu wa Mlima Marsabit, ziwa ambalo wao waliliita Paradise na ambalo bado linaitwa hivyo kwenye ramani. Ukisoma haraka utadhani wameligundua. Ukisoma polepole unaona kuna mtu mbele yao anayejua njia.

Walirudi mwaka 1924 na pesa nzito zaidi. Jumba la makumbusho liliwaunga mkono, na George Eastman, mwenye Kodak mwenyewe, aliweka fedha zake. Fikiria hiyo. Mtoto wa duka lililouza Kodak anaenda kumwomba mwenye Kodak amlipie tembo. Walipanda kaskazini na magari, mikokoteni na wapagazi hadi Marsabit, wakajenga hapo kando ya ziwa, na wakafanya pale kuwa kwao hadi mwaka 1927. Eneo lote hilo la mpaka wa kaskazini lilikuwa limefungwa na serikali, mgeni haingii bila kibali. Kwao kibali kilipatikana. Na walichojenga kilikuwa kijiji kabisa, chenye nyumba, stoo, bustani ya mboga, na chumba cha giza cha kusafishia picha.

Hiki chumba cha giza ndicho kinachonifanya niwaheshimu, acha tu niseme. Sisi tukipiga picha mbaya tunaiona papo hapo, tunafuta, tunaambia bwana harusi atabasamu tena. Martin alikuwa anazungusha mkono wa kamera huku tembo anasogea, na hakujua amepata nini mpaka filamu isafishwe, kwa maji masafi ambayo lazima yatafutwe, mlimani, kilomita zaidi ya 500 kutoka Nairobi. Usiku walikuwa wakitega kamera karibu na maji. Mnyama akigusa uzi, unga wa magnesi unalipuka na mwanga unamulika. Simba anajipiga picha mwenyewe. Mimi huwa nalalamika betri za flashi zikiisha kabla ya keki kukatwa.

Wakati Martin yuko kwenye kamera, Osa alikuwa amesimama kando yake na bunduki. Huo ndio ulikuwa mgawo wa kazi. Yeye ndiye aliyekuwa na shabaha kati yao wawili, na mnyama akiamua kushambulia, maisha ya mtu mwenye jicho kwenye kamera yalikuwa mkononi mwake. Pia ndiye aliyewinda chakula, aliyelima bustani ambayo tembo waliiingilia usiku, aliyesimamia jikoni. Na alipiga picha. Zile unazoziona za Martin na kamera yake, jiulize nani alikuwa upande wa pili.

Hapa mwenzangu aliniangalia kwa jicho fulani. Kwenye harusi watu humwomba yeye maji. Wanamwuliza yeye choo kiko wapi. Ana kamera mbili shingoni lakini anti wa bwana harusi atakuja kwake na kusema, "Msichana, hebu mwambie mpiga picha aje atupige." Mpiga picha, hapo, ni mimi. Kusema ukweli kati yetu wawili yeye ndiye anayeona. Mimi nina mkono mzuri wa taa na mdomo wa kupanga watu mistari. Picha ambazo wateja hutundika ukutani, tukihesabu bila hasira, ni zake.

Osa yeye walimtumia kwa njia nyingine: walimweka mbele. Watazamaji wa Marekani walitaka kumwona mwanamke mdogo mwenye suruali akisimama kati ya mume wake na kifaru, na wakapewa. Filamu ya Simba, iliyotoka mwaka 1928, iliunganishwa kutoka vipande vya nyakati na mahali tofauti, hata vya wapiga picha wengine, ikashonwa ionekane hadithi moja. Wanaume wenye mikuki wanapambana na simba, Osa yuko karibu, hatari inapanda. Ukikata filamu vizuri, watu ambao hawakuwa mahali pamoja watakutana.

Nataka kucheka, lakini ninafanya hivyohivyo kila wikendi. Bibi harusi ameshaingia kanisani, ameshalia, baba yake ameshamwachilia mkono, na mimi nimekosa picha kwa sababu mjomba fulani alisimama na simu yake mbele ya lenzi. Nafanya nini? Baada ya ibada nawaomba warudi mlangoni. Ingia tena. Baba, mshike mkono. Lia kidogo. Kwenye albamu yale machozi ya pili yanakaa ukurasa mmoja na ya kwanza na hakuna mtu atakayejua. Tumewahi kuwaomba watu wabusiane mara tano, mara ya tano wameshakasirikiana.

Tofauti ni nani anayeletewa albamu. Yule bibi harusi ataiona. Akichukia ataniambia, na mama yake ataniambia zaidi. Watu wa mikuki hawakukaa kwenye ukumbi wa New York.

Na kuna filamu moja ambayo hata mimi nimeshindwa kuitetea. Congorilla, ya mwaka 1932, walipiga Kongo ya Wabelgiji na sehemu nyingine, na walijisifu kwamba ilikuwa filamu ya kwanza yenye sauti kupigwa yote Afrika. Katika msitu wa Ituri walikaa na Wambuti. Kulikuwa na santuri ya jazi, Osa anacheza nao, wanapewa sigara kubwa ili watazamaji wacheke wakiona wanavyohangaika nayo. Hakuna anayeuawa pale, hakuna damu. Ni mzaha tu, na mzaha una upande mmoja. Safari hiyohiyo walitoka na sokwe wawili wakubwa, waliokamatwa wakiwa wachanga, wakauzwa kwa bustani ya wanyama ya San Diego. Watu waliosema wanapiga picha ili wanyama wasiishe.

Nilimsomea mwenzangu hiyo sehemu tukiwa kwenye matatu ya kwenda Thika, kwenye ruracio ya mteja. Akasema, "Na bado unawapenda." Nikakataa. Halafu nikamwonyesha picha za ndege zao.

Kwa sababu, jamani, zile ndege. Mwaka 1933 walirudi Afrika na Sikorsky mbili za kutua majini na nchi kavu, moja imepakwa milia ya pundamilia, nyingine madoa ya twiga. Kubwa iliitwa Osa's Ark. Walikuwa wamejifunza kuruka nyumbani Kansas. Walipiga picha Mlima Kenya na Kilimanjaro kutoka juu, na makundi ya wanyama ambayo watu wachache walikuwa wameyaona kwa namna hiyo, yakitiririka kama maji. Picha zozote za droni unazoziona leo za nyumbu, zimezaliwa pale. Nikizitazama nasahau kila kitu nilichoandika juu ya santuri. Sijui niwaze nini kuhusu hilo, ila ndivyo ilivyo.

Ajali ilitokea mwezi Januari 1937, nayo haikuwa kwenye ndege yao. Walikuwa abiria wa kawaida kwenye ndege ya shirika, wakielekea kwenye ziara ya mihadhara, ikagonga mlima California. Martin alifariki siku iliyofuata. Osa aliumia vibaya, na bado akaendelea na mihadhara akiwa kwenye kiti cha magurudumu, kwa sababu mihadhara ndiyo iliyokuwa chakula. Kitabu chake kilitoka mwaka 1940 na kikauzwa vibaya sana, yaani vizuri sana. Alifariki mwaka 1953. Makumbusho yao yako Chanute, mjini kwao Osa, na yana majina yote mawili.

Sasa nirudi kwenye ule mwavuli. Mwezi wa Oktoba wale wanandoa walitoa picha zao za Kenya. Kati ya picha walizoweka, tatu ni zangu. Jike la nyumbu likiwa limesimama peke yake ukingoni baada ya wengine wote kuvuka. Ile niliipiga mimi, mwavuli umebanwa kwapani. Chini yake kuna majina mawili, ya mke na mume. Niliwaandikia. Wakajibu haraka na kwa upole, wakaambatisha mkataba niliotia sahihi, unaosema kila picha itakayopigwa kwa kamera zao ni yao. Ni kweli niliutia sahihi. Niliusoma hata. Nilihitaji ile pesa ya rent na sikufikiria kwamba ningepiga kitu cha maana.

Kwa hivyo ilipokuja kazi ya Marsabit mwezi wa Desemba, nilikuwa na hasira inayotafuta mahali pa kukaa. Harusi ya familia moja ya pale mjini. Mama wa bibi harusi alipiga simu mwenyewe. Nilipopokea aliuliza, "Yule msichana wa picha yuko?" Nikampa mwenzangu simu. Walizungumza nusu saa. Upande wa wanawake hakuna mwanamume anayeingia na kamera, hivyo yeye ndiye aliyekuwa anaajiriwa. Mimi ningepiga wanaume nje, ngamia, na magari.

Basi lilitoka Eastleigh jioni. Safari ambayo kwa Johnson na mkewe ilikuwa ya magari kukwama na mikokoteni kuvunjika, sisi tulilala nayo. Lami kutoka Isiolo kwenda juu ni laini kuliko ya mtaani kwetu. Tulifika asubuhi mlima ukiwa kwenye ukungu, baridi ya kushangaza ukifikiria jangwa ulilopita usiku.

Tulikuwa na siku moja kabla ya harusi, na nikaomba tupande ziwani. Ziwa Paradise liko ndani ya mbuga ya taifa. Unasimama ukingoni mwa kasoko, msitu unateremka pande zote, na chini kabisa kuna bakuli. Ukame wa miaka iliyopita uliua mifugo isiyohesabika huku, na ziwa lenyewe hupungua na kujaa kufuatana na mvua. Siku hiyo maji yalikuwa sehemu ndogo katikati, mengine majani mabichi. Nyati walikuwa wanakula pale ambapo kwenye filamu kuna maji. Nilitafuta kwa macho mahali ambapo nyumba zao zilikuwa. Nyani tu.

Tembo wa hapa wanajulikana kwa meno. Ahmed, yule ambaye Rais Jomo Kenyatta alimwekea ulinzi wa amri mwaka 1970 na ambaye mifupa yake iko Makumbusho ya Taifa Nairobi, alikuwa wa mlima huu. Alikufa mwaka 1974. Nilimwona shule ya msingi tulipopelekwa na basi la shule, na nikakumbuka mwalimu alitueleza ana miaka mingapi na meno kilo ngapi, na hakuna aliyetuambia kwamba alitoka mahali penye ukungu.

Jioni nilikaa na wazee wa upande wa bwana harusi, chai ya maziwa ya ngamia mkononi. Nikamwuliza mmoja, "Mzee, umewahi kusikia mtu wa zamani anaitwa Boculy? Alikuwa anafuata nyayo za tembo, wakati wa wazungu wa picha." Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akalijaribu jina mdomoni kwa njia tatu, kila mara likitoka tofauti, akamgeukia mwenzake wakaongea kwa Kiborana, mwenzake naye akalijaribu.

"Nani aliandika hivyo?" akaniuliza.

"Wao."

"Aliandika vile alisikia." Akanywa chai. "Huyo kijana alikuwa na baba. Jina la baba ni nani?"

Sikuwa nalo. Katika yale yote niliyosoma kwa miezi minne sikuwahi kulikuta, na sikuwahi kugundua kwamba silikuti.

Harusi ilikuwa nzuri na ndefu. Nilipiga wanaume, nyama, mikono ikisalimiana. Kutoka ndani nilisikia ngoma na vigelegele, na mwenzangu hakutoka kwa saa tano. Alipotoka macho yake yalikuwa mekundu na alikuwa anacheka. Akanishika mkono kwa nguvu. "Nimeipata," aliniambia. "Ile moja. Sijawahi kupiga kitu kama kile."

Nilitaka kuiona. Akasema ngoja. Kulikuwa na shindano tulilotaka kuingia, mwisho wa kutuma ulikuwa Ijumaa, na nikaanza kupanga kichwani. Jina lake peke yake chini. Sio letu, lake.

Mama wa bibi harusi alitungoja mlangoni. Alikuwa amemweleza mwenzangu kwenye ile simu ya nusu saa, na mwenzangu hakunieleza mimi, labda kwa sababu alinijua. Picha za ndani hazitoki nyumba ile. Haziwekwi popote, hazionyeshwi mwanamume, hazibaki na sisi. Walikuwa wamelipia kazi na kadi zote mbili.

"Mwanangu, umechoka," alimwambia mwenzangu. "Umekula?"

"Nimekula, mama."

Mwenzangu akafungua kamera, akatoa kadi ya kwanza, halafu ya pili. Nilimwona amesita kwenye ya pili, kidogo tu. Mama akazipokea kwa mikono miwili, akazifunga kwenye pindo la mtandio wake, akakaza fundo kwa meno.

Kwenye basi la kurudi tulikaa kiti cha nyuma. Tulipopita Laisamis nikamwomba aniambie ilikuwaje. Akafunga macho, akaanza na mwanga. Mwanga ulikuwa unatoka kushoto, akasema, dirisha dogo, na bibi harusi alikuwa amenyoosha mikono ya hina ili isikauke vibaya, na nyanya yake alikuwa anamlisha kwa kidole.